Kaka ana 49 wamemnyima dizabiliti, mwenzake wa 56 mgongo ule ule kapewa. Umri unahesabiwaje?

FurahaIowa

Habari zenu wapendwa, naomba msaada kwa wenye uzoefu na mambo ya Social Security hapa Marekani maana hii barua nimeisoma mpaka macho yanauma. Kaka yangu alikuwa kiwanda cha nyama, kwenye laini ya kukata, kuanzia 2016 hadi mwisho wa 2023 mgongo ulipokataa kabisa. MRI inaonyesha mshipa umebanwa sehemu mbili, mguu wa kushoto unakufa ganzi, usiku halali anazunguka tu sebuleni. Tuliomba SSDI, ile dizabiliti ya mtu aliyefanya kazi akalipia kodi, wakakataa, tukaomba waangalie upya wakakataa tena, barua ya pili imefika wiki iliyopita.

Sasa kilichonichanganya ni kwamba humo ndani wameandika wamezingatia umri wake wa miaka 49, elimu yake ya darasa la sita na kazi alizofanya, wamekubali kwamba kazi ya nyama haiwezi tena, halafu mstari unaofuata wanasema kuna kazi nyingine nyepesi anaziweza kwa hiyo hapewi. Na kuna mzee mmoja tulikuwa naye kambi ya wakimbizi Nyarugusu kule Tanzania, alikuwa laini moja na kaka, ana 56, mgongo huo huo, mimi kwa macho yangu naona kaka ndo ana hali mbaya maana huyo mzee anaendesha gari na kanisani anabeba wajukuu, yeye kapewa mara ya kwanza bila loya bila nini. Hivi ni miaka saba tu ndo imeleta tofauti? Au kuna kitu aliandika kwenye fomu sisi hatukuandika?

Kaka kwa makaratasi anatimiza 50 Januari mosi inayokuja. Watu wanasema tungoje afike 50 tuanze upya. Ni kweli?

Haki_ni_Haki

Dada usisumbuke, subiri tu Januari. Ukifika 50 ni otomatiki, wanakupa. Shangazi yangu walimnyima akiwa na 48, akaomba tena na 51 wakampa, hawakuuliza hata maswali mengi.

Atieno_MN

Haki_ni_Haki hapana bana, hiyo "otomatiki" ndiyo inafanya watu wetu wanapoteza pesa kila mwaka. Mimi nafanya kazi ofisi ya loya wa hizi kesi hapa Minnesota, mimi si loya lakini barua kama hiyo naziona kila siku.

Furaha dada, la kwanza kabla ya yote: angalia tarehe ya barua. Mna siku 60 tangu mpokee, na wao wanahesabu mmepokea siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu. Ndani ya hizo siku omba kesi isikilizwe na jaji. Usingoje Januari uanze upya. Ukiacha rufaa ife, faili la kwanza linakufa na tarehe yake, na ombi jipya kwa SSDI wanaweza kurudi nyuma miezi 12 tu kabla ya siku uliyoomba, kwa hiyo miezi yote ya 2024 umeitupa. Na kwa vile kesi ya jaji huchukua miezi, siku atakapokaa mbele ya jaji atakuwa ashapita 50 tayari, na jaji anaangalia umri mpaka siku ya uamuzi. Hauko na sababu ya kungoja chochote.

Sasa umri. Wanapima kwa hatua tano na umri hauguswi mpaka ya mwisho. Kwanza wanaangalia kama unafanya kazi ya pesa ya maana (mwaka 2025 ilikuwa zaidi ya dola 1,620 kwa mwezi). Halafu kama ugonjwa ni mkubwa na utachukua angalau miezi 12. Halafu kama uko kwenye orodha yao ya magonjwa kwa vipimo walivyoandika. Halafu kama unaweza kurudi kazi yako ya zamani. Kaka amefika hapo akapita, wamekubali nyama hawezi. Ya tano ndiyo wanauliza, je kuna kazi nyingine yoyote nchini anaweza? Na hapo ndipo umri unaingia, pamoja na elimu na kazi za nyuma. Umri peke yake haumpi mtu kitu, na ugonjwa peke yake hapo pia hautoshi.

Niandikie kwenye barua wamesema anaweza kubeba paundi ngapi na kusimama masaa mangapi. Hiyo ndiyo nataka kuona kabla sijasema kitu kingine.

MkalimaniPwani

Atieno kasema kweli. Nimekuwa mkalimani wa Kiswahili kwenye hizi kesi miaka mingi, ya watu siwezi kuyasema lakini sheria iko wazi kwa kila mtu.

Binti, wana jedwali. Si fumbo, limechapishwa, tangu 1978 wanalo na likaanza kutumika 1979. Jaji anachukua mambo manne, nguvu iliyobaki mwilini, umri, elimu, na kazi ulizofanya, anafuata mstari mpaka mwisho pale pameandikwa anapewa au hapewi. Umri wameukata vipande: chini ya 50 wewe ni kijana kwao (cheka upendavyo), 50 hadi 54 unakaribia uzee, 55 kwenda juu ni mtu mzima hasa, na 60 wanakuona karibu na kustaafu. Kila ukivuka mstari, kazi wanayoweza kukutupia wakisema "nenda kafanye ile" inapungua, kwa sababu wanachukulia mtu wa 56 hawezi kujifunza kazi mpya na kuizoea kama wa 35.

Na hili la umri si geni. Dizabiliti yenyewe ilipopitishwa 1956 wakati wa rais Eisenhower ilikuwa ni ya watu wa miaka 50 hadi 64 peke yao. Kijana wa 40 aliyekatika miguu yote miwili hakuwa na lake. Ndiyo 1960 wakafungua kwa wote. Kwa hiyo hiyo 50 unayoiona leo ina mizizi.

Lile jedwali lilipingwa mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Kulikuwa na mama mmoja mzaliwa wa Panama, Carmen Campbell, alikuwa akisafisha vyumba hotelini, mgongo na presha, Kiingereza chake cha kusuasua, umri wa hamsini na kitu. Mawakili wake walisema serikali lazima imuonyeshe kazi halisi anazoweza, si kumtoa kwenye jedwali. Mwaka 1983 Mahakama ikasema jedwali ni halali, hakuna haja ya kumletea kila mtu shahidi aje kuthibitisha upya kwamba kazi fulani zipo. Ndiyo maana mpaka leo wawili wenye mgongo mmoja wanatoka na majibu mawili.

Nuru_Houston

Jamani mimi nina 31 na nina selimundu (sikoseli), huu uzi unanitia hasira kidogo. Yaani kwa hiyo sisi vijana tufe kwanza? Mtu ana maumivu ambayo mzee wa 56 hajawahi kuyaona, halafu anaambiwa wewe kijana utazoea kazi ya kukaa. Kazi gani hiyo ya kukaa ambayo bosi anakuvumilia ukilazwa kila baada ya wiki kadhaa?

Ila niseme na upande wa pili maana mimi nilipata. Sikupata kwa umri, nilipata pale hatua ya tatu aliyosema Atieno, ya orodha. Selimundu imo. Wanataka ama ulazwe angalau mara tatu ndani ya miezi 12, kila mara masaa 48 au zaidi na kati ya kulazwa na kulazwa ipite siku 30, ama uwe umepata maumivu ya kuchomwa dawa kali za mshipa au sindano mara sita ndani ya mwaka, nazo ziachane siku 30. Ukipita hapo hawakuulizi una miaka mingapi wala umesoma wapi. Kilichonichelewesha ni makaratasi, hospitali moja ilikuwa inaandika "maumivu" tu bila kusema nimechomwa nini, mpaka nesi mmoja Mnaijeria akanikalisha akanionyesha mstari kwa mstari kwenye rekodi kipi kinakosekana. Kwa hiyo vijana wenzangu msikae kungoja 50 ambayo huenda hata... basi tu. Angalieni orodha kwanza.

BabaRehema_KY

Furaha, kaka yako anajua kiingereza? Kama hajui andikeni! Mke wangu 2018 alipewa akiwa na 46 sababu kubwa ilikuwa hiyo, hajui kiingereza na hawezi kazi ya kusimama. Loya wetu alisema wazi kiingereza ndo kimemuokoa.

Atieno_MN

Baba Rehema pole lakini hiyo imekufa. Ilikuwa hivyo kweli wakati wa mke wako, mtu wa 45 hadi 49 anayeweza kazi ya kukaa tu, hajui Kiingereza na hana ufundi, jedwali lilikuwa linasema apewe. Wakaiondoa Aprili 27, 2020. Sasa wanauliza tu kama mtu anajua kusoma na kuandika, kwa lugha yoyote. Kama kaka anasoma Biblia ya Kiswahili na anaweza kuandika ujumbe mfupi, kwao anajua kusoma. Kwa hiyo mtu yule yule mwenye miaka 49 ambaye 2019 angepewa, leo hapewi. Mwenyewe naona haikuwa haki, aliyeandika hiyo sheria hajawahi kutafuta kazi Iowa na Kiswahili peke yake. Lakini ndiyo iko.

Furaha bado nangoja hizo paundi.

FurahaIowa

Shikamoo mzee Mkalimani, na Atieno asante sana dada, nimekaa nimeitafuta ile barua. Wameandika anaweza kubeba paundi 20 mara moja moja na paundi 10 mara kwa mara, na kusimama au kutembea masaa 6 kwa siku ya masaa 8. MASAA SITA. Huyu mtu akisimama kuosha vyombo anaegemea sinki kwa kiwiko, dakika kumi hivi anaomba kiti. Juzi alijaribu kubeba galoni ya maziwa na mfuko wa mchele toka kwenye gari akaacha mchele njiani kwenye theluji.

Kusoma anasoma, Kiswahili na Kibembe, aliishia la sita kule Fizi, Kongo. Kabla ya nyama alikuwa seremala kambini mpaka tulipokuja 2015. Uraia hana, mtihani ulimshinda.

Na kuna jingine nilitaka kuuliza ila naona aibu kidogo. Hiyo Januari mosi 1976 si tarehe yake. Ilikuwa pale UN walipotuandikisha, asiyejua siku anapewa 1/1, nyumbani kwetu watu wanne tuna siku moja ya kuzaliwa. Mama anasema kaka alikuwa ashaanza kutembea wakati wa ile ngumi ya Ali na Foreman Kinshasa, watu walikuwa wanasikiliza redioni na yeye anawapita miguuni. Hiyo ngumi ilikuwa 1974! Sasa si ana maana ana 52 tayari? Tumwambie jaji?

MkalimaniPwani

Marahaba binti. Hilo la Januari mosi usione haya, nusu ya ukumbi wa kungojea ni watu wa Januari mosi.

Lakini msiende mbele ya jaji mkasema kwa mdomo tu kwamba umri wa kweli ni mwingine. Kadi ya sosho, grinkadi, makaratasi ya UN, yote yanasema 1976. Ukileta hadithi ya ngumi bila karatasi, jaji ataanza kujiuliza ni nini kingine kwenye faili si kweli, na kwenye kesi ya maumivu kuaminika ndiyo mali aliyonayo kaka yako. Wanachokiheshimu zaidi kama ushahidi wa umri ni cheti cha kuzaliwa au rekodi ya dini iliyoandikwa kabla mtoto hajatimiza miaka mitano. Je alibatizwa mchanga? Kama familia ni Wakatoliki, parokia za kule zilikuwa na vitabu vya ubatizo, na kuna watu waliopata nakala kwa kumtuma ndugu aliyebaki akaongea na padre. Kama mlikuwa walokole mnaobatiza wakubwa basi haitasaidia. Ikipatikana, mpe loya kwanza, yeye ndiye aseme lini na vipi iletwe.

Atieno_MN

Aya sasa tumefika. Furaha soma hii polepole maana ndiyo jibu la swali lako la mzee wa 56.

Paundi 20 na kusimama masaa 6, hiyo wanaiita kazi nyepesi. Kuna ya chini yake, kazi ya kukaa: paundi 10 juu kabisa, kama kilo nne na nusu, na unakaa karibu masaa 6. Na juu kuna ya kati, paundi 50.

Naweza kubet yule mzee wa 56 waliandika neno lile lile, kazi nyepesi. Lakini yeye amevuka 55. Kwa mtu wa 55 na kuendelea aliyesoma kidogo, ambaye kazi zake hazikuwa na ufundi wa kuhamishia kazi nyingine, ukisema anaweza kazi nyepesi TU jedwali linasema apewe. Kwa hiyo hakuandika kitu cha ajabu kwenye fomu, na pengine daktari wake hata hakuandika vizuri kama wa kaka. Mstari wake kwenye jedwali unaishia pazuri, wa kaka unaishia pabaya.

Sasa mbaya yenyewe. Kaka akifika 50 na bado wameandika kazi nyepesi, jedwali linasema HAPEWI. Anajua kusoma, basi. Ndiyo maana ningelia kama mngengoja Januari mkaanza upya na makaratasi yale yale. 50 inamsaidia tu kama uwezo wake utashushwa mpaka kazi ya kukaa. Hapo, na miaka 50, la sita, kazi isiyo na ufundi, jedwali linasema apewe, hata kama angeweza kukaa kwenye kiti siku nzima. Na shangazi wa Haki_ni_Haki nadhani ndicho kilitokea, 48 na kazi ya kukaa wakamnyima, 51 na kazi ya kukaa wakampa.

Kwa hiyo vita yenu si ya umri. Umri unakuja wenyewe, hauhitaji msaada. Vita ni hayo masaa sita ya kusimama. Nenda kwa daktari wa mgongo, si na kuomba barua ya "huyu hawezi kazi", hiyo hawaihesabu, wanasema kuamua nani hawezi kazi ni kazi yao. Unataka aandike namba. Anasimama dakika ngapi kabla ya kukaa, jumla masaa mangapi kwa siku, anabeba paundi ngapi, anahitaji kulala katikati ya siku au la, atakosa kazi siku ngapi kwa mwezi, na kwa nini, akitaja MRI. Hiyo ya kuegemea sinki na mchele kwenye theluji, kaka mwenyewe aiseme kwa jaji, vile vile ulivyoiandika hapa.

Useremala usikutie wasiwasi. Tangu Juni 2024 wanaangalia kazi za miaka 5 nyuma tu, zamani ilikuwa 15 na wangeweza kusema ana ufundi wa mbao akae kwenye benchi atengeneze vitu. Ya Nyarugusu haihesabiki tena.

Haki_ni_Haki

Sawa Atieno nimekuelewa ila hiyo ya shangazi mimi nilimpeleka mwenyewe na kwa kweli hawakuuliza kitu kuhusu kubeba.

Atieno_MN

Hawakuuliza kwa sababu ilikuwa ishaandikwa kwenye faili la kwanza 😅 wao husoma. Aliyeandika ni daktari wao ambaye pengine hajawahi kumwona.

BabaRehema_KY

Na wale waliokaribia kabisa? Mimi nilisikia kama umebakiza miezi kidogo wanaweza kukuhesabu umefika.

MkalimaniPwani

Ndiyo, ipo. Umebakiza siku chache hadi miezi michache, kwa kawaida wanaangalia mpaka kama miezi sita, na kama kukuhesabu kwenye kundi la juu kungebadilisha jibu, lazima waangalie faili zima wapime. Si haki ya moja kwa moja, wanaweza kusema hapana. Kwa kaka wa Furaha barua ilitoka akiwa amebakiza chini ya miezi mitatu, lakini kama Atieno alivyoeleza, kwa kazi nyepesi hata 50 haibadilishi jibu kwa hiyo hawakuwa na cha kupima.

Kuna kituko kingine: kwa sheria yao mtu anatimiza miaka siku moja kabla ya siku ya kuzaliwa. Kaka yako kwao anafika 50 Desemba 31.

MamaMkweTX

Samahani kuingilia, mama mkwe wangu ana 58, tumemleta 2021 kama mkimbizi, hajawahi kufanya kazi hapa na shule hakwenda, magoti na sukari. Yeye jedwali linasemaje?

Atieno_MN

Yeye SSDI hana maana hana kazi aliyolipia kodi, ni SSI, ile ya wenye kipato na mali kidogo. Mtu wa 55 au zaidi, elimu ndogo, hana kazi aliyofanya miaka 5 ya nyuma, akiwa na ugonjwa mkubwa wa kudumu miezi 12 anapewa bila hata kufika kwenye jedwali, kuna kanuni yake pembeni, loya mzuri ataitaja. Lakini angalieni saa: mkimbizi SSI ni miaka 7 tangu alipopata ukimbizi, baada ya hapo bila uraia inakatwa. Yeye mpaka 2028. Anzeni uraia mapema, na mali yake ya kuhesabika isizidi dola 2,000. Akifika 65 hahitaji kuthibitisha ugonjwa tena, umri unatosha, ila mapato, mali na uraia bado wanaangalia.

Na Furaha, kaka yako alikuja 2015 na hana uraia, kwa hiyo miaka 7 ishapita, SSI msitegemee. Kila kitu ni SSDI. Habari njema amelipia vya kutosha 2016 hadi 2023, bima yake ya SSDI bado hai mpaka karibu mwisho wa 2028. Nimeshaona mtu anafika 55 ambayo ingempa ushindi lakini bima iliisha akiwa na 54, umri uliomfaa ukaja amechelewa. Huo ndio ubaya mwingine wa kungoja ngoja.

Nuru_Houston

Nauliza tu, hii ya umri si kuna habari wanataka kuitoa?

Atieno_MN

Magazeti yaliandika mwaka 2025 kwamba serikali inafikiria kuondoa umri au kupandisha mstari mpaka 60. Mpaka leo ninapoandika jedwali ni lile lile. Ndiyo sababu nyingine ya kutokawia.

FurahaIowa

Nimemsomea kaka yote haya amekaa kimya halafu akasema "kwa hiyo kosa langu ni kuzaliwa Januari" 😂 angalau alicheka. Mama amempigia mjomba Baraka, tulikuwa Wakatoliki kwa hiyo kitabu huenda kipo kama hakikuungua wakati wa vita, ataenda parokia Jumapili.

Loya niliyempigia leo anasema huenda akamshauri kaka abadilishe tarehe ya kuanza ugonjwa, badala ya 2023 iwe siku anayotimiza 50. Sijapenda. Si ni kama kukubali kwamba 2024 na 2025 alikuwa mzima?

Atieno_MN

Si kusema alikuwa mzima. Ni kusema, kabla ya 50 sheria inataka nithibitishe siwezi hata kazi ya kukaa, na hiyo ni ngumu, baada ya 50 nathibitisha tu siwezi kusimama. Majaji wengi mkiwapa hiyo njia wanaipenda, kesi inaisha haraka. Gharama yake ni pesa za nyuma. Kuna miezi mitano mizima ya kungoja kisheria, kwa hiyo ukianza Januari mosi malipo yanahesabiwa toka Juni 2026, na Medicare, bima ya afya ya serikali, inakuja miezi 24 baada ya hapo. Ukishinda na 2023 ungelipwa mengi zaidi na Medicare mapema. Mimi ningesema msikubali leo. Hiyo ni karata ya kutoa karibu na siku ya jaji, mkishaona daktari ameandika nini na kama kile kitabu cha ubatizo kimepatikana. Maana fikiria, kikisema 1973 basi alitimiza 50 mwaka ule ule alioacha kazi, na hakuna haja ya kusogeza chochote.

Loya malipo yake ni asilimia 25 ya pesa za nyuma na isizidi kiwango walichoweka (mwaka 2025 kilikuwa dola 9,200), mkishindwa hamlipi ada. Kwa hiyo naye anapenda pesa za nyuma ziwe nyingi, akikushauri uzipunguze ana sababu, muulize akueleze.

FurahaIowa

Rufaa tumeituma leo kwa intaneti, nimeprinti ile karatasi ya uthibitisho. Apointimenti ya daktari wa mgongo ni tarehe 18 na nimeandika maswali ya Atieno kwenye karatasi nimpe. La mwisho jamani: mbele ya jaji nitamtafsiria mimi au mwanangu? Yeye kiingereza chake ni kizuri kuliko changu.

MkalimaniPwani

Hapana binti, wala wewe wala mtoto. Ombeni mkalimani wa Kiswahili, ni bure, mnaandika kwenye fomu ile ile ya rufaa na loya anakumbusha. Kama kaka anaelewa Kibembe vizuri zaidi semeni mapema maana mkalimani wa Kibembe hupatikana kwa shida. Wewe nenda kama shahidi, jaji akikuruhusu useme yale ya sinki. Na mwambie kaka akiulizwa "unaweza kusimama muda gani" asijibu "kidogo tu", nikitafsiri "kidogo" jaji haandiki kitu. Aseme dakika.